Tunahama Mwanza kwenda Kisumu na watoto wawili, naombeni uzoefu wenu

Mama wa Nyakato

Habari zenu wapendwa. Naombeni ushauri kwa mnaoishi Kenya au mliowahi kuishi, hasa upande wa Kisumu. Mume wangu ni fundi wa mitambo ya baridi, zile za kugandishia samaki viwandani, amepata kazi Kisumu mkataba wa miaka miwili na unaweza kuongezwa. Yeye ametangulia, ameshapata chumba cha kujishikiza, sasa anataka mimi na watoto tumfuate Januari.

Mimi nimezaliwa Mwanza, nimekulia Mwanza na nimeolewa hapahapa, mbali zaidi nilikowahi kuishi ni Musoma kwa shangazi. Kila ninayemwambia ananijibu aah Kisumu si hapo tu, ziwa lilelile, Kiswahili kilekile, mbona unahangaika kama unaenda Ulaya. Lakini moyo wangu hautulii. Binti yangu anamaliza la nne, shule ya serikali, kila somo anasoma kwa Kiswahili, Januari alikuwa aingie la tano. Mdogo ndo anaanza la kwanza. Mimi nashona, nina cherehani mbili, sare za shule na vitenge, na wateja wangu nimewatafuta mmoja mmoja mpaka wakanizoea, sasa nawaacha naenda kuanza sehemu ambayo hata sijui kitambaa kinauzwa wapi. Alafu mama yangu yuko Magu, ana presha, mimi ndo ninayempeleka kliniki.

Naulizia makaratasi yanatakiwa yapi, shule inakuwaje kwa huyu mkubwa, naruhusiwa kushona huko au la, na vyombo vya ndani nibebe au niuze nikanunue vingine. Na kama kuna kitu sijauliza ila ningetakiwa kujua naombeni mniambie tu, nitashukuru sana.

Mpakani Sirari

Dada hongera kwa kazi ya shemeji. Mimi shughuli zangu ziko hapa Sirari, familia zinazohama naziona sana, na zinazokwama ni zilezile zilizoambiwa ni hapo tu.

Kuvuka kwenyewe ni rahisi. Kituo ni cha pamoja, ukienda Kenya unamalizana na uhamiaji wa pande zote mbili kule Isebania upande wa Kenya, unagongewa muhuri unaendelea na safari, na raia wa Afrika Mashariki anaweza kupewa hadi miezi sita bila kulipia viza. Shida ni kwamba muhuri ule ni wa mtu anayetembea, sio wa anayehamia. Soko la pamoja la Afrika Mashariki lilianza Julai 2010 na mpaka leo kuna watu wanaamini tangu siku ile Mtanzania anafanya kazi Kenya kama anavyofanya Geita. Hapana. Shemeji lazima awe na kibali cha kazi kinachoombwa kupitia mwajiri wake, ndipo wewe na kila mtoto mnaombewa dipendanti pasi, yaani kibali cha kuishi cha mke na watoto, juu ya kibali chake, maombi yanafanyika mtandaoni. Kwa hiyo leo hii mpigie umuulize, kibali kimetoka au kiko kwenye maombi? Kama bado, usiage mwenye nyumba na usiuze hata kijiko. Nimeona familia imeshusha vyombo Kisumu, mwajiri akawa anasema kesho kesho, muda wa muhuri ukaisha, baba mwenye familia akawa anaishi kwa kujificha kwenye kazi yake mwenyewe. Ni maisha mabaya sana yale.

Na wewe mtu mzima ukikaa zaidi ya siku 90 unatakiwa ujiandikishe upate kitambulisho cha mgeni.

Pasipoti ni lazima, na kila mtoto awe na ya kwake. Usidanganywe na wanaosema Wakenya wanavuka kwa kitambulisho, ule utaratibu ni wao na Uganda na Rwanda, Tanzania hatumo. Hati ya dharura inafaa kwenda msibani ukarudi, huwezi kuombea makazi. Pasipoti ni 150,000 kwa mtu mmoja, kwa hiyo nyie watatu ni 450,000, itafuteni mapema. Na watoto lazima wawe na vyeti vya kuzaliwa vya RITA, kama wana yale matangazo ya kliniki tu anzia hapo kwanza.

Vyombo beba. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki inamruhusu mtu anayehamisha makazi kuingiza vitu vyake vya nyumbani alivyokuwa anavitumia bila ushuru. Andika orodha, kitanda kimoja, godoro mbili, friji, cherehani mbili, kila kitu, uwe na nakala kadhaa na nakala ya kibali cha mumeo. Kinacholeta maneno ni vitu vipya kwenye maboksi, na marobota ya vitenge usiyaweke humohumo, hiyo itasomeka biashara. Mkachukue cheti cha chanjo ya homa ya manjano pia, mtakuwa mnakihitaji hasa mkiwa mnarudi nyumbani, na siku hizi ukishachanja mara moja cheti ni cha maisha.

Kasuku45

Huyo wa la nne muache kwa bibi yake Magu amalize shule ya msingi hapahapa, alafu aende huko akiwa mkubwa. Mimi nilikaa na bibi yangu na nimekua vizuri tu. Mtoto kumkatisha katikati ni kumpotezea muda.

Mwalimu Migosi

Nafundisha Kisumu, kwetu ni Tarime. Ndugu hapo juu nakuheshimu lakini hapana, na dada naomba usilikubali hili kabla hujasoma nitakayoandika. Bibi ana presha na kliniki anapelekwa na huyuhuyu dada anayeondoka, sasa unamwongezea mtoto wa miaka kumi wa kumwangalia? Na ukisubiri amalize ndo ahamie utakuwa umemleta pagumu zaidi, maana huku baada ya gredi ya 6 anaingia sekondari ya chini gredi ya 7 mpaka 9, masomo yanakuwa mengi kwa mpigo na yote kwa Kiingereza.

Kiingereza ndo mlima wenyewe, na nasema bila kukuficha. Huku kuanzia gredi ya 4 mtoto anafundishwa na kupimwa kwa Kiingereza masomo yote isipokuwa Kiswahili. Binti yako anajua hesabu, anajua sayansi, lakini akiletewa swali la maneno kwa Kiingereza atakaa kimya na mwalimu asiyemjua atadhani hajui. Nimewapokea watoto wa hivyo kutoka Mara na Mwanza, wana akili sana, na kinachowaumiza ni aibu kuliko masomo. Wanachekwa siku za mwanzo, wanaacha kunyoosha mkono. Kwa hiyo ongea na mwalimu mkuu aanzie gredi ya 4 badala ya 5. Najua kurudia darasa kunauma, yeye mwenyewe atalia, ila gredi ya 6 kuna mtihani wa kitaifa na huo mwaka mmoja wa nyongeza ndo utakaomfanya afike pale akiwa anaelewa anachosoma. Baada ya muda utamwona kwenye Kiswahili anaongoza darasa, na hiyo inamrudishia kujiamini.

Kuanzia sasa mpaka Januari msomee kila jioni, hadithi fupifupi za Kiingereza za watoto, asome kwa sauti, wewe hata kama hujui sana kaa pembeni usikilize. Msamiati wa hesabu pia, kujumlisha, kutoa, sehemu, aujue kwa Kiingereza. Mdogo usimwogope kabisa, gredi ya 1 watoto wote wanaanza kusoma, na Kijaluo atakuwa anakiongea kabla yako.

Chukua barua ya uhamisho, ripoti zao za miaka yote na vyeti vya kuzaliwa, mwalimu mkuu wa huku lazima amwingize kwenye mfumo wa wizara na bila karatasi mtoto anabaki anahudhuria tu. Huku mihula ni mitatu sio miwili, likizo ni Aprili, Agosti na mwisho wa mwaka, kwa hiyo kwa bibi Magu wanaweza kwenda mara tatu kwa mwaka.

Nyar Ahero

Karibu sana Kisumu mama. Mimi ni mtu wa hapa na nimekuwa na majirani wengi wa Tanzania, ni watu wazuri.

Mambo ya nyumba usiogope, huku hakuna mambo ya kulipa miezi sita au mwaka mzima kama huko kwenu. Unalipa mwezi wa kwanza na dipoziti ya mwezi mmoja, baadaye kila mwezi unatuma kwa M-Pesa. Lakini mwenye nyumba wa huku ukipitisha tarehe tano hana subira, kwa hivyo hiyo pesa ya rent iwekwe kando siku ile mzee analipwa mshahara. Kama mko na watoto angalieni Migosi, Kenya Re, Tom Mboya ama Mamboleo. Manyatta na Nyalenda ni bei ya chini na ni karibu na mjini, lakini kuna sehemu za Nyalenda chini huko maji inaingia kwa nyumba wakati wa mvua kubwa, so nendeni mwangalie wakati imenyesha, msiangalie wakati wa jua. Uliza pia kama kila nyumba iko na mita yake ya umeme ya tokeni, kama mnashare mtagombana na majirani kila mwezi.

Soko kubwa ni Kibuye, Jumapili ndio siku yenyewe, mitumba, vyombo, nguo za shule, vitambaa, kila kitu unapata hapo. Mchele wa kwetu Ahero ni mtamu, jaribu. Samaki utashangaa bei, ziwa iko hapa lakini samaki nyingi inatoka Uganda na kwenu, na ile ya barafu kutoka China pia iko sokoni, kwa hivyo ukinunua muulize mama ni ya wapi.

Kitu ingine, uchaguzi wetu ni Agosti 2027, tarehe 10. Mara nyingi ni kelele tu na inaisha, lakini Kisumu imeshawahi kuumia na watu wamekufa, watoto pia. Wakati huo watoto wako kwa likizo, hiyo wiki wapeleke wakasalimie bibi yao Tanzania, mzee abaki na kazi. Sisemi kukutisha, hata mimi wangu nitawapeleka Ahero.

Dada wa Igoma

Mama Nyakato mimi ni wa Igoma, mume wangu yuko kwenye ujenzi, tuko Kisumu miaka kadhaa sasa. Waliotangulia wamesema makaratasi na shule, mimi niseme ya ndani.

Kushona. Dipendanti pasi inakuruhusu kuishi na mumeo, haikuruhusu kufanya kazi wala biashara. Hilo lilinikalia vibaya sana maana nimezoea kushika hela yangu. Cherehani zako njoo nazo, washonee watoto na nyumba yako, lakini usifungue kibanda mpaka umeuliza uhamiaji wenyewe kuhusu kibali chako mwenyewe na kaunti kuhusu leseni, ukienda kimyakimya siku ukikamatwa kinachoyumba ni kibali cha mumeo na ndicho kinachowalisha. Na ongea na mumeo kabla hujatoka Mwanza, hela ya mkononi mwako itakuwa kiasi gani kila mwezi. Mwambie wazi. Wanawake wengi tunahama tumepiga hesabu ya nauli tu, hii nyingine tunaiona aibu kuitaja, alafu mtu anaanza kuomba hela ya pedi.

Miezi ya mwanzo kila bei utakuwa unazidisha mara ishirini ili ujue ni ngapi ya kwetu, na kila kitu utaona ghali, utaacha kununua hata mboga. Mumeo analipwa kwa shilingi ya Kenya, pangeni bajeti kwa hiyohiyo. Bima ya NHIF ya kwetu huku haitibu, wao wana SHA tangu Oktoba 2024, mfanyakazi anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara, hakikisha mwajiri amemsajili na nyie mmeandikwa chini yake.

Watu wa huku wanaongea moja kwa moja. Dukani hakusalimii sana anakuuliza unataka nini, mwanzoni nilikuwa nadhani nimechukiwa. Hawana ubaya. Nilipofiwa na kaka yangu walikuja ploti nzima, watu nisiowajua majina, wakachanga nauli yangu.

Kuhusu mama, laini yako ya Voda usiitupe, M-Pesa ya Kenya inatuma hela Tanzania kwa Vodacom. Ila hela haimpeleki mtu kliniki. Tafuta mtu mmoja wa kueleweka pale Magu, mkubaliane tarehe za kliniki, umlipe kila mwezi kama kazi. Usiwaachie "ndugu watakuwepo".

Mama wa Nyakato

Nimesoma zote nimelia kidogo, asanteni sana. Nimempigia baba watoto, kibali bado kiko kwenye maombi, mwajiri amemuahidi mwezi huu. Nimemwambia mimi sitoki hapa mpaka nione karatasi, amenuna ila amekubali. Binti haendi kwa bibi, anaenda na mimi, na jana tumeanza kusoma kwa sauti. Mdogo wangu wa kike yuko Magu, nitamlipa yeye kwa ajili ya mama.

Swali moja tu, cheti cha mdogo kina herufi tofauti kwenye jina la baba, wa kwanza ameandikwa Mathias na huyu Matias. Itasumbua?

Mpakani Sirari

Itasumbua dada, tena sana. Nenda RITA Mwanza urekebishe kabla hujaomba pasipoti, jina lifanane na la kitambulisho cha NIDA cha baba herufi kwa herufi. Ukishaanza na pasipoti yenye kosa utabadilisha vitu vitatu badala ya kimoja. Anza Jumatatu.