Naomba ushauri: fankisheni nimeihamishia RAM, chipu inaganda

Wakuu, habari za jioni. Niko Masasi, Mtwara, natengeneza mzani wa korosho kwa chipu ya STM32F103, ile ya flashi (kumbukumbu ya kudumu inayobeba msimbo) KB 64 na RAM KB 20. Kichwa cha mzani kinatuma baiti takriban moja kila milisekunde, na uzito nauhifadhi kwenye ukurasa wa mwisho wa flashi. Kasheshe ni pale ukurasa unapofutwa: milisekunde 20 hadi 40 prosesa inasimama tu, haiwezi kusoma msimbo kwenye flashi hiyohiyo. Baiti zinapotea. Juzi gunia la kilo 82 likasomeka kilo 8, mzee mwenye mali akaniangalia kama mwizi!

Nikaihamishia RAM fankisheni ya kupokea baiti, kwa seksheni yake kwenye skripti ya linka (faili linalopanga kila kipande cha programu kikae wapi). Faili la ramani linaonyesha imekaa 0x20000000, mwanzo wa RAM, sawasawa nilivyotaka. Kuiita tu, chipu inaganda. Nikichungulia kwa dibaga, pale pana takataka tupu. Nahisi hakuna anayeinakili kutoka flashi umeme ukiwaka.

Je, niandike kitanzi changu cha kunakili, au niichomeke tu ndani ya .data (seksheni ya vigeu vyenye thamani ya mwanzo, ambayo hunakiliwa RAM programu ikianza)? Na jedwali la intarapti (orodha ya anwani za fankisheni za kuitwa tukio likitokea), lililobaki 0x08000000 kwenye flashi, nalo lihame?