Vigogo wastaafu wanaoandika vitabu vya uchumi: mahindi yetu yalipozuiwa mlikuwa wapi kusema?

Wakuu habari zenu, niko Mbeya ila shamba liko Mbozi, na leo nina hasira kwelikweli.

Kuna mzee mmoja mstaafu, jina naliacha, alikaa miaka mingi kwenye vikao vya juu kabisa vya serikali na chama, sasa katoa kitabu kuhusu uchumi na madaraka. Uzinduzi ulifanyika Dar hotelini, kitabu ni cha Kiingereza mwanzo mwisho na kinauzwa elfu sitini. Rafiki yangu kaniazima nimekimaliza chote. Ndani anaandika kwamba wataalamu walijua kabisa kuzuia mahindi yasitoke nje kunamuumiza mkulima, walionya, na zuio likapita hivyohivyo. Habari yenyewe kaipa kurasa mbili tu! Halafu anahamia kwenye safari zake za Ulaya.

Kurasa mbili jamani. Huku kwetu ile ni miaka ya maisha ya watu. 2011 walizuia, 2017 wakazuia tena, na ile ya 2017 ilitangazwa mwezi wa 6, mtu wa Nyanda za Juu Kusini anajua mwezi wa 6 maana yake nini, ndo tunavuna, msimu wetu ni mmoja tu kwa mwaka, madeni ya mbolea ya kupandia na ya kukuzia yote yanasubiri hayo mahindi. Wateja wa Zambia na Kongo wako hapo Tunduma, unavuka barabara uko Nakonde upande wa Zambia, badala yake tunaambiwa tuuze ndani, na Dar ni zaidi ya kilomita 900 na nauli ya lori nani analipa? Wakasema basi pelekeni unga, sawa, mkulima wa gunia thelathini mashine ya kusaga na kufungasha anaitoa wapi. Wakaja madalali na lumbesa zao, yale magunia ya kujazwa kupita kiasi, wakanunua kwa bei wanayotaka wao maana walijua huna pa kwenda. Mpaka wanaruhusu tena bei ilishaanguka na wengi tulishauza kwa hasara. Mdogo wangu aliacha chuo msimu ule, hakurudi mpaka leo.

Na sababu sisi tunaijua bila kusoma kitabu cha mtu. Unga ukipanda bei Dar kelele zinafika juu siku hiyohiyo, mkulima akilia huku kilio chake kinaishia kwenye mkutano wa kijiji, kwa hiyo bei ya ugali wa mjini inashushwa kwa jasho letu sisi. Huyu mzee alikuwepo wakati hayo yanaamuliwa, ndo mtu wa kutueleza nani alisukuma, nani alikaa kimya, wafanyabiashara gani walikuwa wanaingia ofisini kabla ya tangazo. Hataji hata mmoja! Kila mahali ni "maamuzi yalifanyika" na "mfumo haukuruhusu".

Msiniambie habari za siri za Baraza la Mawaziri. Edwin Mtei alikuwa gavana wa kwanza wa Benki Kuu, akaja kuwa waziri wa fedha, na 1979 alipopishana na Mwalimu Nyerere juu ya masharti ya IMF, lile Shirika la Fedha la Kimataifa, alijiuzulu palepale, akiwa bado na cheo. Mimi sijasema Mtei alikuwa sahihi, kushusha thamani ya shilingi kulikuja kuwaumiza watu wengi baada ya makubaliano na IMF ya 1986, nachosema msimamo wake watu waliujua wakati ule ule jambo likiwa bado bichi. Na Mwalimu mwenyewe miaka ya 90 mwanzoni alipokasirishwa na viongozi wa chama chake kwenye suala la serikali tatu za Muungano aliandika kijitabu kwa Kiswahili, waziri mkuu na katibu mkuu wa chama akawataja, kila mwenye kujua kusoma akaelewa. Hao ndo nawaheshimu.

Huyu wetu kasubiri kiinua mgongo kiingie, gari na mlinzi vipo, watoto wameshasoma, ndo anakumbuka mkulima. Na kaandika kwa lugha ambayo mama yangu aliyelima hayo mahindi hawezi kuisoma, ili wamsome wafadhili na maprofesa. Huo ni ukatili, mzee shikamoo lakini nakwambia ukweli.

Mods naomba uzi usiunganishwe na ule wa bei za mbolea, ni vitu viwili tofauti.

Na kama kuna mtu humu alikuwepo kwenye uzinduzi naomba anijibu mawili tu, kuna yeyote alimuuliza yeye mwenyewe siku ile kikaoni alipiga kura upande gani, na toleo la Kiswahili linatoka lini.