Naomba ushauri: mafua ya mdogo wangu yanaisha akifika kijiweni tu

Dada_Mkubwa_TMK: Habari za humu wakuu. Nina mdogo wangu wa kiume, ana miaka 23, anaendesha bodaboda ya mtu huku Temeke. Siku hizi hesabu ya bosi haitimii, na kila siku ana sababu: mara trafiki, mara pancha, mara abiria kakimbia bila kulipa. Simu anasema kaibiwa. Mtungi mdogo wa gesi nao umetoweka jikoni na hakuna anayejua.

Kinachonichanganya zaidi ni ugonjwa wake. Asubuhi anaamka na mafua, machozi yanamtoka, anapiga miayo mfululizo, mifupa inamuuma. Mama kila mara anamnunulia dawa za malaria. Lakini akitoka kidogo tu kwenda kijiweni, anarudi mzima, mchangamfu, anapiga stori. Baadaye anasinzia na kijiko cha wali mkononi. Harufu ya bangi naijua, hii siyo. Nikimuuliza anawaka. Mjomba anasema tumpeleke polisi akanyooke. Nifanyeje?

Kobe_Mzee: Dada, TV ihamishe mapema.

Nimetoka_Huko: Kobe, acha hizo, mwenzio yuko kwenye matatizo.

Dada, mimi nilikuwa teja, leo nakunywa methadone, dawa ya kliniki inayonisaidia kuishi bila heroini. Hayo siyo mafua, hiyo ni arosto. Ukishazoea unga, yaani heroini, mwili unaanza kuudai saa sita hadi kumi na mbili tangu uliposhika mara ya mwisho, ndiyo maana asubuhi ndiyo mbaya. Malaria haiponi kwa kwenda nje nusu saa. Hiyo peke yake ingenitosha, lakini angalia na mengine: anajikuna pua na shingo, choo kigumu akiwa na stimu na kuhara akikosa, sukari kwa wingi, maji baridi ya kuoga anayakimbia, mikono mirefu wakati Dar inaunguza. Usitegemee kuona sindano. Wengi wanaanza na kokteli, unga unachanganywa na bangi au sigara, kwa hiyo nyumbani mnaona sigara tu. Mimi mama aliona sigara tu kwa muda mrefu sana.

Fundi_Redio: Msimhukumu kijana kwa maneno ya mtandaoni. Vitu kupotea na hesabu kutofika kunaweza kuwa kubeti, au kaingia mikopo ya kausha damu. Kukonda na jasho la usiku inaweza kuwa TB. Apimwe kwanza.

Nesi_Mstaafu: Fundi ana hoja, hata mtumiaji wa unga anapaswa kupimwa TB na VVU. Ila mkopo haumsinzishi mtu na kijiko mkononi. Dada, mtazame macho. Akiwa ametumia, mboni zinakuwa ndogo sana, hata mkiwa kwenye chumba chenye giza. Akiwa na arosto zinapanuka. Kubeti hakufanyi hivyo.

Polisi hapana. Akilala mahabusu atapitia arosto bila msaada, na tatizo litamsubiri nje. Kumfungia chumbani nako nimeona mwisho wake. Siku mbili tatu za mwanzo ndizo kali zaidi, baada ya wiki hivi anaonekana kapona na familia inashangilia. Kumbe mwili umeshapoteza uzoefu, akirudia kipimo chake cha zamani anaweza kufa. Mkimkuta haamki hata mkimtikisa, anakoroma vibaya au anapumua kwa shida, midomo imebadilika rangi, mlazeni ubavu na mkimbizeni hospitali. Msimmwagie maji wala kumnywesha maziwa.

Dada_Mkubwa_TMK: Asanteni. Jana usiku nimemtazama macho. Mboni ni nukta. Mama bado anasema karogwa. Sasa nimwanzeje maana ni mkali?

Nimetoka_Huko: Usimwanze akiwa na arosto, hapo atakubali chochote ili umpe hela. Wala akiwa anasinzia, hakusikii. Subiri akiwa katikati, mko wawili, mjomba asiwepo. Usimuulize "unatumia?", atakataa. Mwambie "najua asubuhi unateseka, kuna dawa ya hiyo." Mimi dada yangu aliniambia hivyo na nikalia. Hela mkononi usimpe tena, chakula mpe.

Nesi_Mstaafu: Kliniki ya methadone ilianza Muhimbili mwaka 2011, baadaye zikaja Mwananyamala na Temeke, kwa hiyo kwenu si mbali. Dawa ni bure. Anainywa palepale mbele ya mhudumu, kila siku, na si ya mwezi mmoja, inaweza kuwa miaka. Mama akitaka kumwombea aendelee, haigombani na dawa. Valiamu na pombe ndizo zinazogombana nayo, zikichanganywa zinaua.

Fundi_Redio: Na kazi? Kila siku kliniki, boda ataendesha saa ngapi?

Nimetoka_Huko: Mimi nakunywa asubuhi, saa tatu niko kazini. Ila wiki za mwanzo dozi ikiwa bado inapandishwa anaweza kusinzia, boda aiweke pembeni kabisa. Dada, kaonane na bosi wake wewe mwenyewe, umwambie kijana anaumwa, kabla hajampa pikipiki dereva mwingine.

Dada_Mkubwa_TMK: Bosi namfahamu, ni wa mtaani hapa. Naenda jioni hii.