Naomba ushauri: niwapangeje wachezaji wapya wa mpira wa wavu?

Mleta mada
Wanajukwaa, heshima kwenu. Nimekabidhiwa timu ya wanawake wanaoanza kujifunza mpira wa wavu. Wote wana hamu ya kupiga smashi, ilhali mpira ukitoka upande wa pili mara nyingi hupotea katika mguso wa kwanza. Nilikusudia kuwaweka warefu mbele na wafupi nyuma, lakini kila wanapozunguka, yaani kuhamia nafasi inayofuata uwanjani, mpango huo unavurugika. Je, nianze kugawa nafasi au kufundisha stadi za msingi? Na seta, yule anayewapandishia wenzake mpira ili wapige, nimchague kwa kigezo gani?

Kocha wa Chipukizi
Ndugu mleta mada, anza na mapokezi, tena uyape muda mwingi kuliko stadi nyingine yoyote, kwa sababu timu ina miguso mitatu tu na ule wa kwanza ukiharibika hakuna smashi itakayopigwa. Wafundishe kukunja magoti, kunyoosha mikono na kuupokea mpira kati ya kifundo cha mkono na kiwiko, nguvu ikitoka miguuni. Wanaoanza wengi huurushia mpira mikono, na ndiyo maana unaruka nyuma yao. Shabaha ya mapokezi ni mpira wa juu, karibu na wavu bila kuugusa, mahali ambapo seta anaweza kuufikia akiwa ametulia. Kuhusu sevu, yaani mpira wa kuanzisha mchezo, ile ya kupigwa kwa mkono kutoka chini inatosha kwa sasa.

Seta wa Zamani
Naunga mkono, ila tatizo la mzunguko lina ufumbuzi wake. Mpangilio wa mzunguko huangaliwa sevu inapopigwa. Baada ya hapo kila mchezaji anaruhusiwa kuhamia sehemu anayoimudu, hivyo mzuiaji aliye mbele kushoto anaweza kukimbilia katikati mara moja. Kinachobaki ni mipaka ya wachezaji wa nyuma: hawaruhusiwi kuzuia wavuni, wala kupiga smashi juu ya wavu baada ya kurukia ndani ya mstari ulio mita 3 kutoka wavuni.

Seta, tafadhali, usimchague kwa kuwa ni mfupi na hana nafasi nyingine. Mtafute anayekimbilia kila mpira, hata uliopokelewa vibaya, na asiyewakasirikia wenzake. Mikono yake iwe juu ya paji la uso, vidole vimetanuka, na mpira utoke bila kushikwa. Mshambuliaji anayesimama mkabala naye katika mzunguko ndiye hupiga zaidi upande wa kulia, na wale wa kushoto hupokea na kushambulia pia, kwa hiyo wape walio kamili zaidi.

Mleta mada
Nashukuru sana. Je, niweke libero, yule mchezaji maalumu wa kupokea na kulinda nyuma, tangu sasa? Na nina mchezaji mrefu sana ambaye bado ni mzito wa kusogea.

Mpokeaji
Mimi nimecheza nafasi hiyo, na naipenda, lakini ningekushauri usubiri. Libero, aliyeingizwa rasmi katika sheria za kimataifa mwaka 1998, huchukua nafasi ya mchezaji wa nyuma bila kuhesabiwa kama badiliko la kawaida. Hazuii wavuni wala hapigi sevu. Ukimweka mapema, wale warefu watakaokuwa wakimpisha kila wanapofika nyuma hawatajifunza kupokea kamwe.

Kocha wa Chipukizi
Huyo mrefu mjaribu kuwa mzuiaji wa kati, lakini mfundishe kwanza hatua za kusogea pembeni akiwa sambamba na wavu, maana wavu wa wanawake wa mita 2.24 hautamsumbua sana, bali kuchelewa ndiko kutakakomsumbua. Amtazame mpigaji badala ya mpira, aruke baada yake kidogo, kisha avushe mikono juu ya wavu bila kuugusa. Mguso wa kuzuia hauhesabiwi katika ile mitatu, na yeye mwenyewe anaruhusiwa kuucheza tena mpira uliorudi upande wake.