Tupeane uzoefu: tovuti ikigeuza ukurasa wa mwanzo, nini hasa huwaudhi watu na nini hurekebishika

Mchokonozi

Wadau, habari za jioni. Uzi huu ni wa yale yanayotokea tovuti kubwa inapoamka na sura mpya. Sharti ni moja: "wameharibu" tupu haitoshi. Andika ni kitu gani kilihamishwa, kutoka wapi kwenda wapi, kikakwamisha kazi gani, na dawa yake kama ipo.

Naanza na lililotugusa wenyewe. Tarehe 18 Januari 2023 Wikipedia ya Kiingereza ilihamia sura iitwayo Vector 2022. Sura hiyo hiyo ilipoletwa kwenye Wikipedia ya Kiswahili, wahariri walipiga kura na kwa kauli moja wakataka ya zamani irudishwe. Yaliyobadilika yanahesabika. Orodha ya yaliyomo ilitolewa ndani ya makala ikapelekwa pembeni kushoto. Orodha ya lugha, iliyokuwa imejipanga wazi safu ya kushoto, ikawa kitufe juu kulia. Kisanduku cha kutafutia kikatoka kona ya kulia kikasogezwa karibu na nembo. Maandishi yakawekewa kikomo cha upana, skrini pana ikabaki na weupe mtupu kando.

Rangi karibu zilibaki zilezile. Kwa hiyo anayesema watu walikasirishwa na rangi hakuangalia.

Kalamu ya Risasi

Mkuu, nikujazie kwenye dawa.

Kuiona sura ya zamani bila akaunti: nenda mwisho wa anwani ya makala, ongeza ?useskin=vector, bonyeza Enter. Kama anwani tayari ina alama ya kuuliza, andika &useskin=vector, kwa sababu alama ya kuuliza ya pili haitafanya kazi unayoitaka. Mwenye hamu na sura iliyoanza 2004 aandike monobook badala ya vector. Kasoro ya njia hii ni kwamba inadumu ukurasa mmoja tu. Ukibofya kiungo chochote umerudi ulikotoka.

Ya kudumu inataka akaunti. Ingia Mapendekezo, sehemu ya mwonekano, chagua Vector ya 2010, hifadhi. Hapa ndipo wengi wanapoteleza: ulichochagua kwenye Wikipedia ya Kiswahili hakihami chenyewe kwenda ya Kiingereza wala Commons (hazina ya picha ya Wikimedia), na mtu hurudi akilalamika kwamba "haikushika". Ndani ya Mapendekezo kuna kiungo cha kuweka mapendekezo ya jumla kwa miradi yote. Weka sura huko mara moja, umemaliza.

Kwa wahariri wenye misimbo yao binafsi: iliyomo ndani ya common.css na common.js inafuata kila sura. Iliyomo ndani ya monobook.css inaishia MonoBook. Ukihama sura ukaona vitufe vyako vimetoweka, angalia hapo kwanza kabla ya kumlaumu mtu.

Na kabla hujakimbia sura nzima kwa ajili ya weupe wa pembeni, jaribu upana. Kwenye Wikipedia ya Kiingereza sasa kuna menyu ya mwonekano upande wa kulia yenye saizi tatu za herufi, upana wa kawaida au mpana, na mandharinyuma meusi kwa wasomaji wa usiku. Hoja ya waliobana upana ina msingi wake: mstari ukiwa mrefu mno, jicho likirudi kushoto linapotea. Lakini jedwali la ligi lenye safu kumi na mbili halisomwi kwa hoja hiyo.

Mjukuu wa Pwani

Hilo la lugha lina historia, tusiliruke.

Mei 2010 Wikipedia ya Kiingereza ilipotoka MonoBook kwenda Vector ya kwanza, orodha ya lugha ilikunjwa. Ukitaka kuiona, bofya kwanza. Sababu iliyotolewa ilikuwa takwimu: waliokuwa wakibofya viungo vile hawakufika asilimia 1. Watu wakapiga kelele, na Juni hiyohiyo orodha ikakunjuliwa.

Takwimu haikuwa ya uongo. Ilijibu swali ambalo silo. Anayesoma Kiingereza akiwa Ohio hana haja ya kuhama lugha, na watu wa namna hiyo ndio wengi. Lakini kwa Wikipedia ya lugha yenye makala chache, orodha ile ni mlango wa mbele. Injini ya kutafuta inampeleka mtu kwenye makala ya Kiingereza. Pale kando akiliona neno "Kiswahili" ndipo anapojua kwamba makala yetu ipo. Likifichwa ndani ya kitufe kinachosema tu kuna lugha 60, hatabofya, kwa kuwa hajui kwamba mojawapo ni yake. Asilimia 1 ya msongamano wa Kiingereza ikigeuzwa idadi ya watu, kwa tovuti ndogo ni umati.

Kwa sasa njia ya mkato ni hii: bofya kitufe cha lugha, andika "swa" kwenye kisanduku kinachofunguka. Usiteremke orodha nzima kwa kidole.

Debe Tupu

Watu hulalamika wiki mbili wakazoea. Facebook je? Tarehe 5 Septemba 2006 walileta ule mtiririko wa habari kwenye ukurasa wa mwanzo, vikundi vya kupinga vikajaa mamia ya maelfu ya watu kwa siku chache. Leo nani anaukumbuka ukurasa wa kabla?

Fundi Kapera

Debe Tupu, umeleta nusu ya kisa. Mtiririko ulibaki, kweli, lakini ndani ya siku tatu vilikuja vidhibiti vya faragha vya kuchagua matendo yako yapi yatangazwe. Malalamiko yalikuwa na kiini, nacho kilijibiwa. Na kuna kichekesho: vikundi vile vya kupinga vilienea haraka kwa kupitia mtiririko uleule vilivyokuwa vikiupinga, jambo lililowapa wenye tovuti ushahidi kwamba chombo kinafanya kazi.

Weka kando yake Digg, tovuti ambayo watumiaji walileta habari na kuzipigia kura. Toleo la nne lilitoka tarehe 25 Agosti 2010. Kitufe cha "zika", ambacho watumiaji walikitumia kushusha habari mbovu, kiliondolewa. Ukurasa wa habari zinazokuja nao ukaondolewa. Vyombo vya habari vikaruhusiwa kuingiza habari zao vyenyewe kwa mipasho ya RSS, yaani orodha ya habari mpya inayojituma yenyewe. Kwa maneno mengine, kazi ya mtumiaji ilichukuliwa akapewa mchapishaji. Siku chache baadaye watumiaji waliujaza ukurasa wa mwanzo viungo vya Reddit, mshindani, na wengi wakahamia huko moja kwa moja. Julai 2012 jina na tovuti viliuzwa kwa kampuni ya Betaworks, kwa bei iliyotajwa kuwa dola 500,000.

Tena kulikuwa na kosa la kiufundi juu ya kosa la sura. Pamoja na ukurasa mpya walibadilisha pia hifadhidata, kutoka MySQL kwenda Cassandra, na tovuti ikawa inaanguka mara kwa mara. Sura ikiwa imeshonwa pamoja na hifadhidata, huwezi kurudi nyuma hata ukitaka: data mpya haingii kwenye nyumba ya zamani. Fundi makini hutenganisha. Hifadhidata kwanza, sura ikibaki ileile, mpaka itulie. Sura baadaye, nyuma ya swichi inayozimika bila kupakia upya msimbo wote. Ukifungua, fungua kwa asilimia 1 ya watumiaji, kisha 5, 25, 50, na kila hatua ikae angalau wiki nzima, kwa sababu Jumapili si Jumanne. Kwa tovuti za huku ongeza mwisho wa mwezi. Ukilinganisha wiki ya mshahara na wiki ya ukame utaisifu sura mpya bure, au utaihukumu bure.

Bi Nyange

Marks & Spencer, wenye maduka Uingereza, Februari 2014. Tovuti mpya ya pauni milioni 150, picha nzuri kama jarida. Wateja wa zamani wakatakiwa kujisajili upya. Robo ya kwanza ya mwaka wao wa fedha, mauzo ya mtandaoni yakashuka asilimia 8.1.

Jamani, mteja akishaambiwa "jisajili upya" huwa kama mtu aliyekuta duka limebadilishwa kufuli. Wengine hawarudi. Nywila huhifadhiwa kwa alama za siri, ndiyo, lakini unaweza kubeba alama zilezile ukaziangalia kwa kanuni ya zamani mteja anapoingia mara ya kwanza, kisha ukaziandika upya kwa kanuni mpya papo hapo. Mteja hajui kitu.

Msukani

Wengi humu mnazungumzia kinachoonekana. Malalamiko mengi ya siku ya kwanza hayahusu ubunifu kabisa, yanahusu kache, yaani nakala za faili ambazo kivinjari hujiwekea. Kivinjari kimepokea ukurasa mpya lakini kimeshika faili la mitindo la zamani (ndilo linalopanga vitu kwenye ukurasa), kwa hiyo menyu inamwagika, vitufe vinapandana, na mtu anapiga picha ya skrini na kuandika "hii ndiyo sura mpya?" Siyo. Ni mpya na ya zamani zimegongana.

Kwa mtumiaji wa kompyuta: Ctrl+F5. Kwa simu: mipangilio ya kivinjari, faragha, futa data ya kuvinjari, weka tiki kwenye picha na faili za kache TU. Ukiweka tiki kwenye vidakuzi utatolewa kwenye akaunti zako zote. Kwa mwenye tovuti: faili la mitindo lisiitwe style.css miaka yote. Liitwe kwa jina linalobadilika kila toleo, mfano style.7f3a.css, basi kivinjari hakina cha kuchanganya.

Pili, anwani za zamani. Kila anwani ya zamani ielekezwe kwa 301, yaani jibu la seva la "umehama moja kwa moja", kwenye ukurasa mpya unaofanana nao. Toa orodha kutoka kumbukumbu za seva za siku 90, panga kuanzia inayotembelewa zaidi, oanisha moja moja. Kosa linalofanywa na wavivu ni kuzielekeza zote kwenye ukurasa wa mwanzo; Google huhesabu hilo kama ukurasa usiokuwepo, na mtu aliyebofya kiungo cha fomu ya maombi kwenye WhatsApp anatupwa mbele ya picha ya viongozi wakikata utepe.

Kalamu ya Risasi

😂 Picha ya utepe nayo ni megabaiti nne.

Msukani

Na zinazunguka, tano! Hebu tuseme hesabu. Simu nyingi za bei nafuu zina upana wa pikseli 360 kwa hesabu ya kivinjari, na skrini yenye msongamano wa mara mbili inahitaji picha ya pikseli 720. Kuipelekea ya 1920 ni kumla mtu bando. Andika srcset (orodha ya saizi za picha ambamo kivinjari huchagua) yenye 360, 720 na 1080, tumia WebP, aina ya faili la picha lililo jepesi, na kila picha iandikiwe upana na urefu wake ndani ya HTML, msimbo wa ukurasa. Usipoandika, maandishi yanatokea kwanza, picha ikifika inayasukuma chini, kidole kilichokuwa kinalenga "Ingia" kinabofya tangazo. Hilo ndilo watu huliita "tovuti inarukaruka". Viwango vya Google ni hivi: kitu kikubwa zaidi kionekane ndani ya sekunde 2.5, mbofyo ujibiwe ndani ya milisekunde 200, na alama ya kurukaruka isizidi 0.1, kwa angalau asilimia 75 ya ziara. Pima kwa simu dhaifu yenye mtandao wa 3G. Kompyuta ya ofisini itakudanganya.

Jingine: ukurasa usitegemee javaskripti kuonyesha habari. Gawker, kampuni ya blogu za habari, walipogeuza sura Februari 2011, kurasa zao zote zilitegemea alama ya #! na javaskripti kuleta maandishi. Hitilafu moja kwenye javaskripti, na tovuti zao zikawa nyeupe tupu. HTML ikija na maandishi yake, hitilafu kama hiyo inaua menyu ya kushuka, habari inabaki inasomeka.

Mjukuu wa Pwani

Naongeza dogo ambalo halisemwi. Kiolezo kipya kikinunuliwa nje huja na lang="en" juu kabisa ya msimbo. Tovuti ya Kiswahili ikiachwa hivyo, programu ya kusomea wasioona inasoma Kiswahili kwa matamshi ya Kiingereza, yaani mtu anasikia takataka tupu. Kubadili en kuwa sw ni kazi ya sekunde tano. Angalia pia vichwa vya habari viwe na alama za HTML za h1, h2, h3 kwa mpangilio, kwa kuwa msikilizaji huruka kutoka kichwa hadi kichwa. Wabunifu hupenda kuvifanya maandishi makubwa tu yasiyo na alama yoyote, kwake ukurasa unakuwa ukuta.

Debe Tupu

Haya, nakubali yangu yalikuwa mepesi. Swali: mwenye tovuti anajuaje lipi ni la mazoea na lipi ni la kweli?

Fundi Kapera

Kwa kitenzi. "Siipendi", "ya zamani ilikuwa nzuri": andika, subiri wiki tatu au nne. "Sioni", "siwezi", "imepotea", "imenitoa": shughulikia leo. Kisha chagua kazi tano ambazo watu hujia hapo, kama kutafuta, kuingia, kulipa, kupakua fomu, kupata namba ya simu. Pima wangapi wanaimaliza kila moja na kwa sekunde ngapi, kabla na baada. Muda wa kukaa kwenye ukurasa usikufurahishe ukipanda. Huenda watu wanatafuta kitufe ulichokihamisha.

Na acha mlango wa nyuma. Reddit walipobadilisha sura mwaka 2018 waliiacha ya zamani kwenye old.reddit.com, wakali wakapata pa kukaa. Lakini mlango huo ni gharama, kila kipya lazima kijaribiwe mara mbili, na siku moja hufungwa. Gmail ile nyepesi ya HTML, iliyokuwa mkombozi wa mitandao ya kusuasua, ilifungwa mwanzoni mwa 2024.

Bi Nyange

Na ukilalamika, lalamika kwa namna inayofanyiwa kazi: anwani kamili ya ukurasa, aina ya simu, kivinjari na toleo lake, saa, ulichobofya, ulichotarajia, kilichotokea, na picha ya skrini nzima, usikate sehemu ya anwani. Funika namba yako ya simu na salio kwanza.