Naomba ushauri: chujio, vidonge au taa ya kusafishia maji safarini?

Assalaam alaykum, ndugu zangu. Mimi ni mkazi wa Likoni, na mwezi ujao ninakusudia kupiga kambi Shimba Hills pamoja na wanangu wawili, kisha niende India kumtembelea dada yangu. Kwa hivyo natafuta njia moja nyepesi itakayofaa kote kuwili. Chujio la mkononi lenye vitundu vya mikroni 0.1 huzuia bakteria na vijidudu kama giardia, lakini virusi hupenya, nami nachelea hasa virusi vya homa ya ini. Vidonge vya klorini huviua virusi, ila kriptosporidiamu, kijidudu kiletacho kuhara, huvistahimili, na mwanangu mdogo akinusa tu ile harufu hufunika kikombe kwa kiganja. Taa ya urujuanimno (mwanga wa UV wa kuulia vijidudu) hutaka maji maangavu, ilhali ya mtoni, hata niyachuje kwa leso mara mbili, hubaki na rangi ya chai ya maziwa. Kuchemsha nakujua, lakini mtungi wa gesi haupandi ndege.

Je, aliyewahi kuchanganya chujio na vidonge hutanguliza kipi, na husubiri muda gani kabla ya kunywa? Na chujio lililolowa hutunzwaje begini lisiote ukungu?