Waigizaji gani walipigana vita kweli kabla ya filamu?

Binti wa Uyole: Wakubwa shikamooni, wengine poleni na baridi. Mzee wangu alipigana Vita vya Kagera, akavuka mto pale Kyaka baada ya majeshi ya Amin kulipua daraja, Novemba 1978. Jioni tukishaota moto tunaangalia filamu za vita. Milipuko haimshughulishi. Yeye anatazama kidole. Mwigizaji akikimbia huku kidole kimekaa pale pa kufyatulia, mzee anageukia dirishani: "Huyo angeua mwenzake." Juzi alimwona Lee Marvin, akasogeza kiti karibu. "Huyu ameshika bunduki." Nikachunguza, ni kweli: alikuwa mwanamaji wa Marekani, akajeruhiwa kisiwani Saipan kwenye Vita vya Pili vya Dunia, Juni 1944, akauguzwa hospitali zaidi ya mwaka. Nitajieni wengine wa aina hiyo. Wale waliovalishwa gwanda tu siwahitaji.

Mnyalukolo wa Ipogolo: Kamwene dada. Mfikishie mzee shikamoo yangu. Mtafutie Audie Murphy. Januari 1945, karibu na Holtzwihr huko Ufaransa, alipanda juu ya gari la kivita linalowaka, akashika bunduki ya gari hilo na kuwazuia Wajerumani kwa takriban saa nzima. Hakuwa hata na miaka 20. Mwaka 1955 aliigiza maisha yake mwenyewe. Ila kinachoniuma ni usiku wake: alilala na bastola chini ya mto miaka mingi, na alisema hadharani kwamba askari wanarudi wagonjwa kichwani wasitazamwe. Babu yangu mzaa mama alikuwa hivyohivyo, tukadhani ni ukali.

Mdau wa Tukuyu: Michael Caine naye, alipigana Vita vya Korea. Na Richard Todd, huyu mzee atampenda kwa sababu ya daraja: aliruka na parachuti Normandy, Ufaransa, tarehe 6 Juni 1944, akafika kwenye daraja lililokuwa limeshikwa na Meja John Howard. Mwaka 1962 filamu ya siku hiyo, The Longest Day, ilipotoka, Todd ndiye aliyeigiza kama Howard.

Mwalimu Makambako: Kuhusu kidole, kuna James Doohan, Mkanada, yule fundi mitambo wa Star Trek, tamthilia ya safari za angani. Siku hiyohiyo ya 6 Juni alitua Normandy, akanusurika Wajerumani. Usiku mlinzi wa upande wake mwenyewe, kwa woga, akammiminia risasi 6. Nne mguuni, moja kifuani ikazuiwa na kikasha cha sigara, moja ikamkata kidole cha kati cha mkono wa kulia. Kwenye filamu mara nyingi anauficha mkono huo. Mwangalieni vizuri.

Binti wa Uyole: Asanteni sana jamani. Jana nilimsomea mzee yote. Ya Murphy aliitikia kwa kichwa tu. Ya Doohan akaniomba nirudie, akawa anasugua kidole chake cha kati kwa dole gumba. Kisha akauliza: "Na yule mlinzi, aliambiwa kampiga nani?"